Kiini, Kiendeshi na Kiwambo Cheusi: Namna ya Kutambua Hitilafu za Michoro katika Linux

1.0 Utangulizi
Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kutafuta chanzo cha hitilafu za kiendeshi cha michoro katika Linux, kiini cha mfumo endeshi kilichoasisiwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Tumechochewa na tukio moja. Mwanafunzi wetu wa uzamili alisasisha mfumo wa kompyuta yake, na alipoiwasha tena kiwambo kikabaki cheusi. Fundi alimwambia kwamba kompyuta “imekufa”, hivyo diski ifutwe. Ndani yake mlikuwa na masimulizi ya wazee aliyoyarekodi kwa miezi kadhaa, na hakuwa na nakala nyingine.

2.0 Ufafanuzi wa Dhana
Kiini ni sehemu ya mfumo endeshi inayosimamia kumbukumbu na maunzi. Kiendeshi ni programu inayokiwezesha kiini kuwasiliana na kifaa mahususi. Mathalani, i915 huhudumia michoro ya Intel, amdgpu ile ya AMD, na nouveau ile ya NVIDIA. Tangu toleo la 2.6.29 la mwaka 2009, kiini chenyewe kilianza kupanga hali ya kiwambo, kazi ambayo awali ilifanywa aghalabu na programu zilizo nje yake. Ndiyo maana kosa la kiendeshi laweza kukitia kiwambo giza kabla mtumiaji hajaombwa nywila, ilhali diski ni nzima kabisa.

3.0 Hatua za Uchunguzi
Kwanza, hatuna budi kuuliza: je, mashine i hai? Iwapo taa ya Caps Lock huitikia kibonyezo chake, au mashine hujibu kupitia mtandao, basi kilichozimika ni kiwambo tu.

Pili, katika orodha ya kuwashia, tuchague toleo la kiini lililotangulia. Likifanya kazi, shaka huangukia sasisho jipya. Lisipofanya kazi, tuongeze neno nomodeset katika mstari wa kuwashia kiini. Neno hili hukizuia kiini kupanga hali ya kiwambo kwa kiendeshi cha kadi. Hili ni gongo la kutembelea, si tiba. Lakini hutuwezesha kuingia na kunakili data kabla ya jambo jingine lolote.

Tatu, amri lspci -k hutaja kadi iliyopo na kiendeshi kinachoitumikia. Nne, amri journalctl -k -b -1 huonyesha ujumbe wa kiini wa mara iliyotangulia kompyuta kuwashwa, maadamu kumbukumbu hizo huhifadhiwa diskini. Ujumbe huo usomwe kuanzia kosa la kwanza, kwani mengi yanayofuata ni matokeo yake tu. Ukitaja faili iliyokosekana katika /lib/firmware, tiba ni kuipakia faili hiyo, si kubadili kadi.

4.0 Hitimisho
Kompyuta ya mwanafunzi wetu iliwaka kwa kiini cha zamani, na masimulizi yakanakiliwa siku hiyo hiyo. Fundi hakukosa ustadi wa mikono. Alikosa utengano wa dhana. Kitenzi “kufa” kilimezea pamoja kiwambo, kiendeshi, kiini na diski, na tiba ikapendekezwa kwa vyote kwa pamoja. Istilahi, basi, si pambo la kamusi. Asiyeweza kutaja sehemu iliyoharibika ataelekea kuitupa mashine nzima, pamoja na kilichomo.