UJENZI HULISHA WENGI: KIBARUA ALINDWE

Wafanyakazi wenzetu,

Sisi wa viwandani na mashambani huona majengo yakipanda Kampala tukadhani ni mambo ya matajiri wa mjini. Sivyo. Ndani ya kila ghorofa mna saruji ya Tororo na Hima, nondo za Jinja, mawe, mchanga na matofali, pamoja na jasho la kila aliyevibeba.

Ujenzi una faida mbili kwa nchi. Kwanza, fedha zake huzunguka upesi: kontrakta hununua saruji, mfanyakazi wa kiwanda hupata mshahara, dereva hupata safari, na mama muuza chakula hupata wateja. Pili, kazi ikiisha huacha kitu kinachozaa kazi nyingine. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Umeme wake ndio uliowezesha viwanda vya Jinja kukua. Bwawa la Karuma, lenye uwezo wa megawati 600, lilizinduliwa mwaka 2024 kwa matumaini yale yale.

Lakini faida hizo zina mianya. Mitambo na vifaa vingi hununuliwa nje, na sehemu hiyo ya fedha haizunguki kwetu. Tena Serikali ndiyo mteja mkubwa wa barabara na madaraja. Ikichelewa kulipa, kontrakta naye huchelewa, kontrakta mdogo aliye chini yake hukwama, na wa mwisho kuumia ni kibarua asiye na karatasi yoyote mkononi. Wengi wa vibarua hao ni ndugu zetu waliotoka mashambani baada ya msimu kwisha.

Kwa hiyo tuzijue haki. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinakataza kumweka mtu katika ukibarua zaidi ya miezi minne. Akifanya kazi mfululizo kwa muda huo, anastahili mkataba wa maandishi. Tangu sheria ya NSSF iliporekebishwa mwaka 2022, kila mwajiri, hata mwenye wafanyakazi wachache, anapaswa kuchangia: asilimia 10 yake na asilimia 5 ya mfanyakazi. Sheria ya Fidia nayo inamhusu mfanyakazi anayeumia kazini. Ajali itolewe taarifa kwa mwajiri mapema, ndani ya mwezi mmoja. Anayenyamaza akiuguza jeraha nyumbani anaweza kupoteza haki yake.

Haki hizo haziishii kwenye majengo. Mkata miwa na mpakia saruji wanaoitwa vibarua mwaka baada ya mwaka nao zinawahusu. Tunashauri kila mmoja aandike siku alizofanya kazi, jina la msimamizi na malipo aliyopokea, kisha amwone mwakilishi wa chama kabla jambo halijaharibika. Daftari la senti chache laweza kuwa shahidi mbele ya Afisa wa Kazi.

Mjenzi akidhulumiwa leo, kesho ni zamu yetu. Umoja ni nguvu!