AHADI YA KAMPUNI NI DENI
Maelezo juu ya kadi za mkopo na bonasi ya kujiunga



Katika mkutano wa tawi letu moja la mashamba ya chai, mzee mmoja aliyechuma chai kwa miaka mingi alisimama akatusomea ujumbe katika simu yake. Ulitoka kwa binti yake aliyeko Marekani, ambako anafanya kazi ya kufunga mizigo katika ghala. Benki moja ilimwahidi dola 200 kama atachukua kadi yake ya mkopo na kununua vitu vya dola 1,000 katika muda wa miezi mitatu. Binti alichukua kadi, akalipia chakula na nauli kwa kadi hiyo mpaka akazipita dola 1,000, na deni lote akalilipa. Mwezi wa tano ukaingia, dola 200 hazikuonekana. Kila alipopiga simu aliambiwa angoje. Na fedha hizo alikwisha kuziahidi kwa karo ya mdogo wake.

Mzee akauliza, "Je, chama kina la kusema juu ya jambo hili, au ni mambo ya ng'ambo tu?"

Chama kina la kusema. Wengi wetu tuna watoto na ndugu huko, na ahadi za namna hii zinawafikia kila siku. Tena jambo lenyewe si geni kwetu. Mnyapara akisema asubuhi, "Atakayepita kilo hamsini leo ana bonasi," halafu mwisho wa mwezi bonasi haimo katika mshahara, mambo ni yale yale. Basi tueleze.

BONASI SI SADAKA

Mwenye kadi ya mkopo hununua kitu dukani, na benki humlipa mwenye duka kwanza. Mwisho wa mwezi benki humletea mwenye kadi hesabu yake. Akilipa yote kwa wakati, kwa kawaida hatozwi riba. Akibakiza deni, riba huanza kula, na huko Marekani siku hizi riba ya kadi mara nyingi hupita asilimia 20 kwa mwaka. Mwenye duka naye hukatwa kiasi kidogo katika kila mauzo. Kwa hiyo fedha huingia kwa pande mbili, na ndiyo sababu mabenki yanashindana kupata wateja.

Tukumbuke basi kwamba bonasi ya kujiunga si sadaka. Ni bei ambayo benki imekubali kulipa ili impate mteja. Mteja akiisha kutimiza sharti lake, imebaki zamu ya benki.

SHERIA INASEMAJE

Msingi wa jambo hili ni wa zamani. Mwaka 1891 huko London, kampuni ya Carbolic Smoke Ball ilikuwa ikiuza mpira mdogo wenye dawa ya unga ya kuvuta puani, ikidai kwamba unazuia homa ya mafua. Ilitangaza katika gazeti kwamba mtu yeyote atakayetumia mpira huo mara tatu kwa siku kwa majuma mawili, kisha akapata mafua, atalipwa pauni 100. Ili watu wasadiki, ilisema imekwisha kuweka pauni 1,000 benki.

Bibi mmoja, Carlill, alinunua mpira, akautumia kama alivyoagizwa tangu Novemba 1891 hadi Januari 1892, na mafua yakampata. Alipodai pauni zake, kampuni ilijibu kwamba tangazo lilikuwa maneno ya biashara tu, tena haikuwa na mapatano yoyote na mama huyo. Mahakama ya Rufani ilikataa maneno hayo Desemba 1892. Majaji walisema kwamba anayetoa ahadi kwa watu wote, na mtu mmoja akatimiza sharti, amefanya mkataba na mtu huyo. Haikumpasa mama huyo kuandika kwanza kwamba amekubali. Kutimiza sharti ndiko kukubali. Kampuni ikatakiwa kulipa.

Sheria hiyo ya Kiingereza ilifika Uganda na Kenya pamoja na ukoloni, na wanasheria wetu husomeshwa kesi hiyo hata leo. Marekani nayo ilijenga sheria yake ya mikataba juu ya msingi huo huo wa Kiingereza.

MAHALI WATU WANAPOKWAMA

Lakini sheria humsaidia aliyetimiza sharti, na masharti ya kadi huandikwa kwa herufi ndogo. Haya ndiyo yanayowaangusha wengi:

Kwanza, muda. Miezi mitatu mara nyingi huhesabiwa tangu siku benki ilipofungua akaunti, si siku kadi ilipofika kwa posta. Mtu akingoja kadi siku kumi, siku kumi zimekwisha kwenda.

Pili, hesabu ya manunuzi. Ada ya mwaka, riba, fedha taslimu zilizotolewa kwa kadi na deni lililohamishwa kutoka kadi nyingine kwa kawaida hazihesabiwi. Na kitu kilichorudishwa dukani hutolewa katika hesabu. Mtu aliyenunua vya dola 1,020 akarudisha viatu vya dola 40, amebaki na 980, na bonasi imempita.

Tatu, aliyewahi kuwa na kadi ile ile zamani mara nyingi hapewi tena.

Nne, mlango alioingilia. Tangazo la kwenye simu, tangazo la ukutani na maneno ya karani wa benki yanaweza kuwa ahadi tatu tofauti. Hapo ndipo penye ugomvi mwingi, na hapo si mteja peke yake anayekosea.

MABENKI MAKUBWA YALIPOSHIKWA

Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, Marekani ilitunga sheria mwaka 2010 ya kuunda ofisi ya serikali ya kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, inayojulikana kwa herufi CFPB. Ilianza kazi Julai 2011.

Oktoba 2012, makampuni matatu ya American Express yaliamriwa kuwarudishia wateja wapatao 250,000 jumla ya dola milioni 85 hivi. Makosa yalikuwa mengi, na moja lilikuwa hili: wateja waliambiwa kwamba wakichukua kadi fulani watapata dola 300 pamoja na pointi za zawadi. Waliotimiza sharti hawakupewa dola 300 hizo.

Julai 2023 ilikuwa zamu ya Bank of America. Iliamriwa kuwalipa wateja zaidi ya dola milioni 100, na juu yake faini za dola milioni 150 kwa ofisi mbili za serikali. Hapa pia makosa yalikuwa zaidi ya moja. Katika hayo, makumi ya maelfu ya wateja walinyimwa bonasi za kadi walizoahidiwa. Baadhi yao waliomba kadi kwa simu au kwa kufika benki wenyewe, nao hawakutimiziwa ahadi. Wengine walinyimwa kwa sababu mitambo na taratibu za benki yenyewe zilikuwa na kasoro.

Angalieni, ndugu. Mtu akipiga simu peke yake, ni rahisi kuambiwa angoje. Serikali ilipokagua mambo ya wateja wote pamoja, ndipo kosa likaonekana kuwa la benki.

MAKAMPUNI YANAPENDA UJE PEKE YAKO

Makampuni yanalijua jambo hili. Katika mikataba mingi ya kadi huwekwa kifungu kwamba mteja hatashtaki pamoja na wenzake, bali ataleta daai lake peke yake mbele ya msuluhishi. Mume na mke mmoja wa California waliahidiwa simu za bure na kampuni ya simu, kisha wakatozwa kodi ya dola 30 na senti 22. Walitaka kushtaki kwa niaba ya wote waliotozwa. Mwaka 2011 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iliamua, majaji watano kwa wanne, kwamba kifungu cha kuwazuia kuungana kisimame. Nani atakwenda kwa msuluhishi peke yake kwa ajili ya dola 30? Kampuni inategemea uchovu huo.

HATUA ZA KUFUATA

1. Kabla ya kuomba kadi, piga picha ya tangazo lote, pamoja na masharti na tarehe. Kama karani amesema kwa mdomo, mwambie aandike.

2. Kadi ikifunguliwa, iandikie benki uulize: "Je, akaunti yangu imeandikishwa kwa bonasi hii, na siku ya mwisho ni ipi?" Hifadhi jibu.

3. Maliza manunuzi majuma mawili kabla ya siku ya mwisho, na upite kiasi kidogo, kwa kuwa maduka mengine huchelewa kupeleka hesabu.

4. Muda wa malipo ukipita, usipige simu tu. Andika. Barua fupi inatosha, kwa mfano:

"Tarehe 3 Machi nilifungua akaunti ya kadi kwenu kwa tangazo lililoahidi dola 200. Hadi tarehe 20 Mei nilikuwa nimenunua vitu vya dola 1,046, na hesabu yenu inaonyesha hivyo. Bonasi haijalipwa. Naomba muilipe, au mnieleze kwa maandishi ni sharti gani sikulitimiza, kabla ya tarehe 15 Agosti. Nakala ya tangazo imo humu."

Maneno ya "ni sharti gani" ni muhimu. Yanaitaka benki itaje sababu moja, na sababu iliyotajwa inaweza kupimwa.

5. Benki ikikataa au ikinyamaza, peleka malalamiko CFPB. Utaratibu wake ni kwamba kampuni hutakiwa kujibu katika siku 15, na jambo gumu hadi siku 60. Lakini mwaka 2025 serikali ya Marekani iliagiza kazi nyingi za ofisi hiyo zisimamishwe, na mashauri yakaenda mahakamani. Kwa hiyo usitegemee mlango mmoja. Peleka nakala kwa mwanasheria mkuu wa jimbo unakokaa.

6. Mwisho iko mahakama ya madai madogo, ambayo mikataba mingi huiacha wazi. Ada yake si kubwa, na wakili si lazima.

TAHADHARI

Asiye na uwezo wa kulipa deni lote kila mwezi asifuate bonasi. Deni la dola 1,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka huzaa dola 20 hivi kila mwezi. Baada ya miezi kumi, bonasi ya dola 200 imeliwa yote na deni bado liko.

BINTI WA MZEE

Tulimtumia binti yule hatua hizi. Alijibu kwamba alifungua kadi katika tawi la benki, kwa tangazo lililokuwa ukutani. Tangazo lilikwisha bandikwa jingine, na benki ilisema haikuwa na ahadi hiyo pale. Lakini siku ile, kwa furaha, alilipiga picha akamtumia baba yake. Picha ilikuwa katika simu ya mzee, huku mashambani, na tarehe yake. Mzee aliirudisha, binti akaandika barua, na majuma matatu baadaye benki ikalipa dola 200. Karo imelipwa.

Ndugu, picha moja ilifanya kazi ambayo simu nyingi zilishindwa kuifanya. Basi na sisi, mnyapara akitangaza bonasi ya kilo, mmoja wetu aandike tarehe, kiwango na maneno yaliyosemwa, na wenzake watie sahihi. Kila mmoja aweke karatasi yake ya mizani, asiitupe njiani. Siku ya kudai, tusiende mmoja mmoja.

Umoja ni nguvu.