Unataka bunduki nyepesi ya kuwinda Diani? Piga hesabu kabla hujatoa doo

Ukiskia kijana wa Mwaepe ama Gazi akisema anatafuta bunduki nyepesi, usikimbie kuita karao. Huku pwani ya kusini, kuanzia Tiwi mpaka Vanga, bunduki ni ya samaki. Ni kipande cha mbao, mpira wa tyubu ya gari uliokatwa, kifyatulio cha kujitengenezea na chuma chembamba chenye ncha. Unavaa miwani ya kuzamia, unaogelea hadi kwa matumbawe, unashika pumzi, unashuka, unafyatua. Pono anaingia kwa kamba, jioni una pesa ya unga.

Kwa wale walitaka ile bunduki ya risasi ya kuangusha paa, hiyo stori tuimalize fasta. Kenya ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ikakaza zaidi: uwinde kwa raha, uwinde wa kuuza nyama, uwinde wa sufuria ya nyumbani, yote ni makosa. Shimba Hills iko pale juu ya Kwale na palahala wake, na hakuna pahali pengine Kenya utawaona wakiishi porini, lakini utawapiga picha tu. Hata ukiwa na leseni ya silaha, hiyo haikupi ruhusa ya kuwinda. Kwa hivyo bajeti ya bunduki ya kuwinda Kwale ni sufuri. Tanzania wanaruhusu uwindaji wa vibali, lakini huko ni kwa wenye mfuko mzito, si wewe unayehesabu nauli ya matatu ya Ukunda hadi Likoni.

Haya, turudi baharini, juu huku ndiko vijana wengi wanaingia na pesa kidogo na kutoka bila.

Mbona kila kijana anaanza na bunduki? Jibu ni rahisi. Haihitaji mtumbwi. Haihitaji injini. Haihitaji mzee wa kukufunza miaka mitano vile mkondo unapita. Ndani ya mwamba wa Diani maji ni tulivu na si marefu, unaingia ukitembea maji yakijaa ama yakipwa. Ukiwa huna kazi, hoteli zimepunguza watu, na uko na pesa ya kununua vyuma na mipira tu, bunduki inakaa ni kama mlango wa pekee. Watafiti waliochunguza umaskini na zana za uvuvi kwa pwani hii walikuta hivyo hivyo: wanaotumia zana haribifu kama bunduki na juya mara nyingi ni vijana, wasio na mtaji. Si ati ni watu wabaya. Ni vile zana zingine ziko bei.

Na kusema ukweli, kama kitu cha kushika mkononi, bunduki ya kienyeji ni kali. Mbao inaelea, kwa hivyo ukiiachilia haizami. Ikiwa fupi unaizungusha kwa mapango ya mawe bila kugonga. Chuma kikiwa chembamba kinaenda kasi, lakini kinapinda kikigonga jiwe. Kikiwa kinene kinadumu, ila mpira unachoka na masafa yanapungua. Wasee wanabishana hiyo kitu pwani kama vile nyinyi mnabishana Arsenal na Man U. Lakini huo ubishi wa uzito na urefu ni wa bure, juu swali la kwanza si ni ipi nyepesi. Swali la kwanza ni kama utafika nayo nyumbani.

Sheria iko hivi. Mwaka 2001 serikali ilichapisha kwenye Gazeti Rasmi marufuku ya juya la kukokota na bunduki za samaki, na hiyo marufuku ndiyo wavuvi wa Kwale wanaijua mpaka leo. Nyavu za uzi mmoja wa plastiki, zile zinang'aa na haziozi, nazo ziko kwa orodha ya haramu, kwa hivyo ukiambiwa uache bunduki uchukue hizo, umetoka kwa moto ukaingia kwa makaa. Tangu kanuni za 2007, kila bandari ndogo ya samaki iko na BMU, yaani kamati ya wavuvi wenyewe ya kusimamia ufuo. BMU inaandikisha wavuvi, inaweka sheria ndogo za pale, na ikitaka inashirikiana na maafisa wa uvuvi kufanya doria. Kuna ufuo wanafumba macho, kuna ufuo hawacheki na mtu. Hiyo kubahatisha ndiyo hatari. Unaweza kupiga miezi sita bila kuguswa, halafu siku moja bunduki inachukuliwa, inachomwa mbele yako, na wewe unapelekwa kortini.

Sasa hesabu. Bei ya bunduki yenyewe ni kidogo, na hapo ndipo inakudanganya. Mipira inachakaa na jua na chumvi, unabadilisha. Chuma kinapotea kwa mapango ama pono mkubwa anaondoka nacho. Miwani inavuja. Ikichukuliwa, unaanza upya. Ukiongeza siku za korti, faini, na siku ulizokosa kuingia baharini, ile zana ya bei rahisi imekuwa ghali kuliko mtego wa halali ambao ungekaa na wewe msimu mzima. Na hakuna mtu atakukopesha kwa zana haramu ukiwa na akili ya kupanua biashara. Huwezi kuipeleka kwa chama ama kwa mradi wa kaunti ukasema, hii ndiyo mali yangu.

Kuna gharama ingine watu hawaoni: tajiri. Huku pwani tajiri si mtu mwenye pesa tu, ni yule mnunuzi anakupatia zana, anakukopesha siku mbaya, hata analipa hospitali mtoto akiwa mgonjwa. Halafu samaki wote lazima umpelekee yeye, kwa bei yake. Siwezi kumtukana tajiri, juu Agosti bahari ikichafuka, yeye ndiye atakupa pesa ya unga. Lakini jua unacholipa. Chukua mfano wa hesabu tu, bei halisi utauliza ufukweni: tuseme tajiri anakupa 250 kwa kilo, na mama karanga, wale kina mama wanakaanga samaki na kuuza mtaani, angekupa 300. Ukipata kilo nne kwa siku, umeacha 200 mezani. Ukiingia baharini siku 20, hiyo ni 4,000 kwa mwezi. Sasa niambie, zana uliyopewa "bure" ilikuwa ya pesa ngapi? Ukipata mwezi wa tatu ushailipia mara kadhaa na bado si yako.

Kwa hivyo kabla uulize bei ya kitu chochote, uliza nani atanunua samaki wako na kwa masharti gani.

Hebu pia tuongee kuhusu mwamba, na sileti hapa ile lugha ya semina. Bunduki inachagua. Hainasi chochote kinachopita kama wavu, inamfuata samaki anayeonekana, anayekaa palepale, mkubwa kwanza. Pono ndiye anakwaruza majani ya baharini kwa mawe ili matumbawe mapya yashike. Kikande ndiye anakula urchini, wale wadudu wa miiba wanaokuchoma miguu Diani. Ukimaliza kikande, urchini wanajaa, wanatafuna mwamba, na mwamba ukiisha samaki hawana nyumba. Jumlisha na joto la El Niño la 1998 lililoua matumbawe mengi pwani yetu, na utaelewa mbona wazee wanasema zamani walikuwa wanavua karibu na sasa wanapiga makasia mbali. Mzamiaji pia anasimama juu ya matumbawe, anayavunja akimtoa samaki aliyejificha. Wakubwa wakiisha, vijana wanapiga wadogo, na ndoo inakuwa nyepesi kila mwaka. Hapo mfuko wako unaguswa moja kwa moja.

Na kuna mwili wako. Wazamiaji wengi wanapumua haraka haraka kabla ya kushuka ili wakae chini zaidi. Hiyo kupumua inaondoa hewa chafu mwilini, na hewa chafu ndiyo inakuambia "panda juu". Ukiiondoa, ile kengele inachelewa, oksijeni inaisha, na unazimika ukiwa mita chache tu kutoka juu, bila hata kuskia kiu ya pumzi. Anayezamia peke yake hana wa kumvuta. Sijaongea hata kuhusu chuma kilichofyatuliwa karibu na watalii wanaoelea na miwani yao mbele ya hoteli.

Sasa ununue nini? Kama huna kitu kabisa, mshipi. Uzi, ndoano, risasi ya kuzamisha na chambo. Ni halali, inabebwa kwa mfuko, na ikipotea hulii. Shida yake ni kwamba samaki wazuri wako mbali kidogo, kwa hivyo unahitaji nafasi kwa mtumbwi wa mtu. Hapo ndipo adabu inakuwa mtaji. Enda Mkunguni kule Msambweni ama Gazi asubuhi mapema, useme "Shikamoo mzee", usaidie kusukuma mtumbwi, utoe maji, uvue ukiwa baharia. Utagawana na mwenye chombo, na mwanzo utapata kidogo. Lakini ile miezi unajua mahali changu anakaa, mkondo unageuka saa ngapi, kaskazi na kusi zinabadilisha nini. Hiyo elimu ya mwamba hakuna tajiri wa kukukopesha.

Zana mimi ningeweka pesa ni malema. Ni ile mitego ya kusukwa kwa vijiti, yenye mdomo unaoingilika lakini hautokeki. Unaweka chambo cha mwani ndani, unaizamisha na mawe, kesho unaifungua. Tafi wanaipenda sana. Samaki anatoka hai, mdogo unamrudisha, na bei yake ni nzuri juu hana tundu la chuma ubavuni. Wasukaji wengi ni wazee, na hii kazi inaisha nao vijana wakiikimbia wakisema ni ya wazee. Ni makosa, juu lema ndilo linafanya kazi ukiwa umelala.

Ukiagiza, mwambie fundi aache mlango wa kutorokea, yaani nafasi nyembamba pembeni ya lema ambayo samaki mdogo na mwembamba anapita, mkubwa anabaki. Inakaa kama ujinga, unalipa mtego unaotorosha samaki. Lakini watafiti Emmanuel Mbaru na Timothy McClanahan walijaribu malema ya aina hii kwa maji yetu yaliyovuliwa sana, wakachapisha matokeo 2013: samaki wasiotakiwa walipungua, waliobaki walikuwa wakubwa, na mapato yakapanda. Samaki mkubwa anauzwa bei ya juu kwa kilo, yule mdogo ni wa kuongeza mchuzi tu. McClanahan huyo huyo alikuwa ameonyesha 2010 kwamba mahali zana zinadhibitiwa, mvuvi anatoka na pesa zaidi kuliko mahali kila mtu anajifanyia.

Kiasi gani? Usianze na kumi. Malema yanapotea. Kusi ikivuma yanaburutwa, kamba zinakatika, na kuna wezi pia, tusijidanganye. Anza na mawili na mshipi mmoja. Sheria yangu ni hii: weka baharini pesa ambayo ikizama leo usiku, kesho nyumbani bado watakula. Ukivua wiki nne na malema mawili yakajilipa, agiza la tatu kwa faida, si kwa mkopo wa simu. Wale wasee wa kukopa kwa app wanunue zana, riba inaanza kuhesabu siku ile ile na bahari haijui tarehe yako ya kulipa. Miwani nzuri usibanie, hata ukiwa mtu wa malema, juu utaiona mitego yako na utajua kama imelala vibaya. Mtumbwi wako mwenyewe ni wa baadaye sana, na ukifika hapo uliza kuhusu usajili wa chombo kabla ya kununua, si baada.

Pia chunguza pahali unaingia. Kisite ni hifadhi ambayo huvui kabisa, ila Mpunguti pembeni wanaruhusu uvuvi wa kienyeji. Diani hadi Chale ilitangazwa hifadhi mwaka 1995 na wavuvi wakaipinga, kwa hivyo hapo mambo yanategemea sana kila ufuo na BMU yake. Usimuamini mtu anakuambia "huku hakuna shida" kama yeye ndiye anakuuzia zana.

Kama unasoma hii ukiwa Ukunda na bunduki iko chini ya kitanda, basi kusi ikipoa, kwenye Oktoba hivi, maji yakianza kuwa safi, pitia ofisi ya BMU ya ufuo wako na kitambulisho. Ulize usajili ni pesa ngapi na nani anasuka malema karibu. Fundi mzuri anakuwa na foleni, kwa hivyo agiza mapema, kabla kaskazi ifike na kila mtu atake yake.