Mzee Kusahau Si Uchawi, Wala Si Uzee Tu



Hapa Bulla Pesa mzee akianza kupotea njia ya kutoka sokoni, au akidai chakula na ametoka kula sasa hivi, watu husema, "Ni uzee tu." Wengine hunong'ona, "Amerogwa." Neno la kwanza linamnyima matibabu. La pili linaweza kumwua: Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, akina mama wazee wanne waliuawa na kuchomwa kwa kusingiziwa uchawi.

Ubongo wa kila mtu hupungua kidogo akizeeka, na huo si ugonjwa. Lakini yako magonjwa yanayoua seli za ubongo mpaka unasinyaa. Kubwa lao ni Alzheimer, jina la daktari Mjerumani ambaye mwaka 1906 alichunguza ubongo wa mama aliyefariki akiwa na miaka 55 tu. Tena kuna ugonjwa wa mishipa. Presha na sukari zisizotibiwa huharibu mishipa midogo, sehemu za ubongo zikakosa damu zikafa. Huu ndio ninaouogopa zaidi kwetu, maana presha haiumi. Mtu anameza dawa wiki mbili, akijisikia vizuri anaacha.

Mwaka 2024 wataalamu wa jarida la Lancet walitaja mambo 14 yanayochangia, wakasema karibu visa 45 kati ya 100 vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Pombe nyingi na sigara zimo, pia kuumia kichwa (vijana wa boda boda, vaeni helmeti!). Hata kutosikia vizuri na upweke vimo. Mzee asiyesikia huachwa nje ya mazungumzo, basi na ubongo unakosa kazi.

Halafu kuna hali zinazofanana na ugonjwa huu lakini zinatibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kufanya kazi polepole, kaswende ya zamani, huzuni nzito, au damu iliyovujia ndani ya fuvu baada ya kuanguka. Mzee akichanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili, huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo au kukosa maji mwilini. Huyo apelekwe siku hiyo hiyo.

Alzheimer yenyewe bado haina dawa ya kuiponya, lakini huwezi kujua ni ipi kwa kumwangalia tu. Mkienda hospitali, beba dawa zake zote, hata za kienyeji, na umweleze daktari mambo yalianza lini.