Waliofungua Magari Kabla Kazi Haijaanza

Sogeeni karibu, vijana, niwasimulie habari za watu walioazimia kutengeneza magari ilhali hawakuwahi kutengeneza hata moja.

Ni Korea Kusini, mwaka 1967. Vita vya Korea vilikoma mwaka 1953, na nchi bado ni maskini. Chung Ju-yung, mtoto wa mkulima aliyewahi kuwa na gereji Seoul kabla ya kutajirika kwa ujenzi, anaanzisha kampuni ya magari, Hyundai. Mtaji anao, ujuzi hana. Basi anafunga mkataba na Ford ili aunganishe gari lao liitwalo Cortina katika kiwanda chake cha Ulsan. Ruhusa ya namna hiyo, ya kutumia ujuzi wa mwenzako kwa malipo, ndiyo leseni. Na malipo yanayokwenda kwa mwenye ujuzi huitwa mrabaha.

Sasa sikilizeni walichofanya. Kiwanda kikiwa bado kinajengwa, wahandisi na mafundi walichukua magari mawili madogo, basi moja na lori moja. Wakayafungua, wakayafunga. Wakayafungua tena, wakayafunga tena. Magari hayo hayakuwa mabovu. Walitaka mikono izoee kazi kabla kazi haijaanza. Mimi huipenda sana sehemu hii, maana anayezoeza mikono mapema huwa tayari ana maswali, na jibu humwingia yule aliyekwisha kusumbuliwa na swali. Cortina ya kwanza ilitoka mwaka 1968.

Hata hivyo, kuunganisha si kubuni. Mwanafunzi akinakili jibu la hesabu kutoka ubaoni atapata vema leo, lakini kesho mwalimu akibadilisha namba, atakwama. Hyundai walijua kwamba bado wananakili. Mazungumzo ya kushirikiana zaidi na Ford yalipovunjika, na serikali nayo ikazitaka kampuni zake zibuni gari la kwao wenyewe, waliamua kutafuta walimu wengi badala ya mmoja. Waliziendea kampuni 26 katika nchi 5. Umbo la gari wakamwomba Giorgetto Giugiaro wa Italia. Injini wakapata leseni kutoka Mitsubishi ya Japani. Wakamwajiri George Turnbull, Mwingereza aliyekuwa kiongozi katika British Leyland, awaongoze. Kila mmoja alikuwa na kipande chake. Vipande hivyo ilibidi Hyundai wenyewe wavipatanishe, na hapo, katika kulazimisha injini ya Mjapani ikae ndani ya bodi ya Mwitalia, ndipo waliposoma kwelikweli.

Italdesign, kampuni ya Giugiaro, ililipwa ichore gari. Kazi ya kufundisha haikuwa yake. Hyundai wakapeleka huko wahandisi watano. Vijana hao walipanga nyumba moja karibu na ofisi, wakaishi pamoja mwaka mmoja na nusu. Mchana walitazama kila mstari unavyochorwa na kuandika walichokiona. Jioni walikaa pamoja kulinganisha maandishi yao mpaka wote waelewe. Waliporudi kwao, wao ndio waliokuwa uti wa mgongo wa idara ya usanifu.

Gari lenyewe, Pony, lilioneshwa Turin mwaka 1974. Lilianza kutengenezwa mwishoni mwa mwaka uliofuata, vipuri vyake karibu asilimia 90 vikitengenezwa Korea. Serikali ilisaidia kwa kuyazuia magari ya nje. Bila kinga hiyo sidhani kama Pony ingedumu.

Lakini injini ilibaki ya Mitsubishi. Mwenye ujuzi huuza leseni ya kitu alichokwisha kukitumia vya kutosha. Kile kipya hukiweka kwake. Hyundai walipoomba injini mpya, walikataliwa. Hivyo mwaka 1984 walianza kubuni yao, wakisaidiwa na kampuni ya Ricardo ya Uingereza. Kikundi kilichopewa kazi hiyo kilijaa vijana wasio na uzoefu. Walichora kwa miezi 14. Siku ya jaribio la kwanza, bloku ya injini ilipasuka vipande vipande. Wakatengeneza nyingine, nayo ikavunjika. Injini mpya zilikuja karibu kila wiki na kuharibika moja baada ya nyingine. Kampuni nyingi duniani huishia hapa: leseni ikiisha, hununua nyingine, kwa sababu kununua ni rahisi kuliko kuvumilia rundo la vyuma vilivyovunjika. Hawa waliendelea. Kila kipande kilichunguzwa ili wajue kilivunjikia wapi na kwa nini. Injini yao, Alpha, iliingia sokoni mwaka 1991.

Mwaka 2002 Hyundai, Mitsubishi na DaimlerChrysler waliungana kutengeneza injini moja ya kutumiwa na wote. Usanifu wa msingi ulikuwa wa Hyundai, na safari hii Mitsubishi ilikuwa miongoni mwa waliolipa mrabaha.