Kasa, Ng'amba na Taa za Ufukweni

Kijana wa mjini ukimuuliza leo atakwambia kasa ni kasa tu. Wazee wa Mji wa Kale, hapa Mombasa, hawakubali. Kwao kasa ni yule wa nyama na mafuta, alaye majani ya baharini. Ng'amba ni mwingine: mdomo wake kama wa kasuku, hushinda kwenye matumbawe akila sifongo, na gamba lake lilikuwa mali.

Wala si mali ya jana. Mfanyabiashara wa Kigiriki aliyeandika habari za pwani hii katika karne ya kwanza alilitaja gamba hilo pamoja na pembe za ndovu, akasema uzuri wake ni wa pili baada ya lile la Bara Hindi. Akaeleza kwamba watu wa kisiwa kimoja cha huku walitega vikapu kwenye milango ya maji, mawimbi yanapokatika. Nisomapo habari hiyo mimi huona dema. Hila ya chazo hakuitaja: samaki huyo hufungwa kamba mkiani na kuachiliwa, akamganda kasa, ndipo mvuvi akavuta pole pole.

Kenya ilikataza uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikafunga maduka ya nyara. Mwaka 1986 ikatengwa Hifadhi ya Bahari ya Mombasa. Vema. Lakini naona macho yetu bado yamemkazia mvuvi peke yake, ilhali kasa anahitaji nyumba mbili, maji na mchanga. Jike hupanda ufukweni usiku, akachimba, akataga mayai mia moja hivi, akafukia na kurudi zake. Baada ya siku zipatazo 60 watoto hutoka gizani na kufuata penye mwanga. Tangu zamani mwanga huo ni bahari chini ya nyota. Leo, kando ya Nyali na Bamburi, taa za mahoteli zinawaka upande wa bara. Watoto huzifuata hizo, jua likawakuta nchi kavu.

Huko Watamu mvuvi hupewa fidia ndogo akimtoa kasa nyavuni akiwa hai. Jambo zuri, nami nalisifu. Sasa na wenye mahoteli nao waulizwe. Hakuna anayetaka wafunge milango. Taa zinazotazama baharini zizibwe au zielekezwe chini, miezi ya kutaga, na viti vya wageni viondolewe mchangani jua likitua.