Kontroo Namba na Miezi Iliyopotea

Msomaji mmoja wa Morogoro, fundi wa kiwandani, anauliza: salari slipu zake zote zina makato ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, lakini taarifa yake ya michango ina mapengo. Pesa imekwenda wapi?

Habari za asilimia tusizirudie. Kila mwenye ajira anajua mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na kwamba mwajiri wa sekta binafsi hamkati mfanyakazi zaidi ya nusu ya hiyo. Utamu wenyewe uko kwenye kontroo namba, ile namba ambayo mwajiri huilipia michango.

Zamani pesa ilitangulia, orodha ikafuata. Mwajiri aliandika hundi moja ya wafanyakazi wote, kisha karani akaleta jedwali la majina kwa wakati wake. Jumla zikipishana, au Mwanaidi akiandikwa Mwanahidi, fungu lilibaki kwenye akaunti ya kusubiri. Mfuko unayo pesa, mwanachama hana.

Fikiria mizigo ya basi la Dar es Salaam kwenda Mwanza. Unajaza buti magunia ya nazi yasiyo na alama, halafu unaahidi kumpigia konda baadaye umtajie wenyewe. Mwanza patakuwa na ugomvi: gunia moja lina wadai wawili, jingine halina hata mmoja, na konda keshageuza na basi. Sasa ofisi ibadili utaratibu. Hupakii kitu kabla ya kuandikisha kila gunia na mpokeaji wake. Ukimaliza unapewa namba moja ya shehena nzima, na mzigo usiolingana na maandishi haupandi. Gunia likipungua, linajulikana stendi ya Magufuli, konda hajawasha hata injini.

Ndivyo linavyofanya lango la malipo ya serikali, GePG, lililoanza 2017. Mwajiri huweka kwanza orodha kwenye mfumo wa mfuko, jina kwa jina, namba ya uanachama na kiasi. Mfumo hujumlisha na kutoa kontroo namba iliyofungwa kwenye jumla hiyo. Ikitolewa kwa sharti la kiasi kamili, malipo pungufu hukataliwa palepale. Benki au simu ikipokea pesa, taarifa hupita langoni hadi kwenye mfuko, na kila shilingi huenda kwa mtu aliyekwisha kutajwa. Hakuna wa kukisia.

Mwezi mmoja si kitu kidogo. Pensheni ya kila mwezi hudai michango ya miezi 180. Mwenye 179 haipati. Na kila mwezi una thamani ya 1/580 ya wastani wa mshahara wa mwaka: kwa anayepata shilingi 600,000 kwa mwezi, ni kama shilingi 12,400 kila mwaka wa uzee wake, kabla ya kutoa mkupuo, yaani fungu linalolipwa kwa mara moja.

Mwajiri anayekata asiwasilishe hatibiwi na mfumo huu. Huyo ni wa wakaguzi na mahakama.

Kwa hiyo, ndugu wa Morogoro, orodhesha miezi yenye mapengo, beba salari slipu zake, uende ofisi ya NSSF ya mkoa. Uliza kama mwajiri alilipia miezi hiyo. Kama alilipa, pesa yako ipo na kosa liko kwenye orodha, litarekebishwa. Kama hakulipa, fungua malalamiko siku hiyohiyo.